Mnunuzi Anapodai Pesa Zake Baada ya Wiki Sita

Friji niliyoiuza nikiwa Tororo ilikaa kwa mnunuzi siku 47 kabla sijasikia habari zake tena. Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri simu yangu iliingia ujumbe wa sauti wa mama mmoja muuza juisi wa Malaba, ambaye tulikutana katika kikundi cha WhatsApp cha vyombo vya nyumbani vilivyotumika, akailipia friji hiyo shilingi 650,000 na kuondoka akinishukuru. Sasa alikuwa anasema, "Ndugu yangu, friji yako imekufa na juisi yote imechacha, nirudishie pesa zangu leo hii." Jibu la kwanza lililonijia mdomoni ni lile ambalo kila muuzaji wa Uganda analijua kwa moyo, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Namshukuru Mungu sikulituma, kwa sababu nilipofungua tangazo langu mwenyewe nilikuta nimeandika kwamba friji "haina tatizo lolote", na maneno hayo yalikuwa yananisubiri pale kama mtego niliouchimba kwa mkono wangu.

Mwongozo huu unamhusu mtu wa aina hiyo, asiye na duka wala leseni ya biashara, ambaye ameuza chombo chake mwenyewe kwa njia ya WhatsApp, tovuti ya matangazo iitwayo Jiji, au Facebook (hii ya mwisho ilifungwa nchini Januari 2021, lakini wauzaji na wanunuzi hawakuacha kukutana humo kwa VPN, programu ya kupita kizuizi hicho), akalipwa, akakabidhi, akasahau, kisha baada ya wiki au miezi akashtuliwa na dai la kurudisha pesa. Wengi wetu katika hali hiyo huhesabu siku zilizopita na kuona zimetosha kutuokoa, na mnunuzi naye huhesabu pesa alizotoa na kuona zimetosha kumpa haki. Kwa maoni yangu hesabu zote mbili haziamui kitu peke yake. Linaloamua ni siku ambayo kasoro ilizaliwa, iwapo ni kabla ya makabidhiano au baada yake, pamoja na maneno uliyomwambia mnunuzi kabla hajatoa pesa, na kazi yako yote kuanzia unapopokea dai ni kuyathibitisha mambo hayo mawili kabla hujasema ndiyo au hapana.

Kabla ya kujibu

Usinyamaze. Muuzaji anayeizima simu au kumzuia mnunuzi asimfikie anageuka tapeli machoni pa watu siku hiyo hiyo, hata kama haki yote iko upande wake, na kimya hicho ndicho kitakachosomwa mbele ya mwenyekiti wa LC (baraza la serikali ya mtaa) au afisa wa polisi baadaye. Hata hivyo, kujibu hakumaanishi kutoa uamuzi. Ujumbe wa kwanza unatakiwa ukiri kupokea dai, uombe muda mfupi unaotajwa kwa siku na saa, na uzuie ushahidi usiharibiwe, basi. Mimi niliandika hivi: "Habari za asubuhi, Mama. Nimeupata ujumbe wako, na pole sana kwa juisi iliyoharibika. Nipe mpaka kesho saa kumi na mbili jioni niangalie kumbukumbu zangu. Tafadhali fundi yeyote asiifungue friji kwanza, na unitumie picha yake mahali ilipo, ya nyuma, na ya plagi."

Neno "pole" katika ujumbe ule nililichagua makusudi. Lugha yetu imetupa neno la kumfariji mtu bila kujitwika kosa lake, nalo ni pole, ilhali "samahani" na "nisamehe" ni maneno ya mtu aliyekosa. Mnunuzi aliyekasirika akiandikiwa samahani ataionyesha kila mahali kama ungamo, na utatumia nusu saa ya kikao kueleza kwamba ulikuwa unafanya adabu tu.

Wakati huo wa kusubiri ndio wa kukusanya. Tafuta tangazo lako la awali kama lilivyokuwa na ulipige picha ya skrini kabla hujashawishika kulifuta au kulirekebisha. Hifadhi mazungumzo yote ya WhatsApp, na picha ya skrini ionyeshe namba ya mtu na tarehe, si jina ulilomhifadhia tu, kwa maana jina la "Mama Juisi Malaba" mbele ya hakimu halimtambulishi yeyote. Ikiwa mazungumzo yenu yamewekwa yajifute yenyewe baada ya muda, zima mpangilio huo mara moja. Tafuta ujumbe wa pesa ya simu wenye namba ya muamala, tarehe, kiasi na jina la aliyetuma. Ujumbe wa sauti usikilize upya na uandike maneno yake kama yalivyo, ukibakiza na sauti yenyewe.

Sababu ya kuhangaika hivyo ni ya kisheria. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 inataka mkataba wa kitu chenye thamani ya zaidi ya pointi 25 za fedha uwe wa maandishi, na pointi moja ikiwa ni shilingi 20,000, mpaka huo ni shilingi 500,000. Wengi wakisikia hivyo husema hawakuandikiana chochote na mnunuzi. Mliandikiana: sheria hiyo hiyo inahesabu ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi, alimradi unaweza kufunguliwa na kusomwa tena baadaye. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 nayo haikubali ujumbe ukataliwe mahakamani kwa sababu tu uko kwenye simu, ingawa anayeuleta ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba ni wa kweli. Kwa maneno mengine, ule mlolongo wa "bei ya mwisho ngapi?" na "njoo jioni" ndio mkataba wenu, na tangazo ni sehemu yake.

Kuchelewa kunabadilisha nini

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 haimpi mnunuzi haki ya kurudisha kitu wakati wowote anaotaka. Mnunuzi akikaa na kitu kwa muda unaotosha bila kumwambia muuzaji kwamba anakikataa, au akikitumia kwa namna ya mtu mwenye mali, anahesabiwa kuwa amekikubali, na aliyekikubali amepoteza haki ya kukirudisha na kudai bei yote. Muda unaotosha hautajwi kwa idadi ya siku, unategemea kitu chenyewe: simu mtu anaweza kuijaribu kwa siku moja au mbili, mashine ya kusaga inaweza kusubiri mavuno. Sheria ya 2011 niliyoitaja inampa mlaji anayenunua kwa mtandao nafasi ya kubatilisha ununuzi, lakini nafasi hiyo huhesabiwa kwa siku, haifiki miezi. Friji iliyokuwa inagandisha maji ya kuuza kila siku kwa wiki sita, kwa hiyo, imekubaliwa.

Hapa ndipo wauzaji wengi hufunga kitabu mapema. Kupoteza haki ya kurudisha kitu si kupoteza haki ya kulipwa hasara. Kama ulisema uongo kuhusu kitu, au kama hakikuwa kile ulichokieleza, mnunuzi aliyechelewa bado anaweza kudai fidia ya tofauti ya thamani au gharama ya matengenezo, na Sheria ya Ukomo inampa miaka 6 ya kufungua kesi ya mkataba. Lile tamko la mali ikishauzwa hairudishwi, hata likiandikwa kwa wino mwekundu chini ya risiti, halimlindi aliyeuza friji ya lita 120 akiiita ya lita 200.

Mtu binafsi ana nafuu moja ambayo mwenye duka hana. Sharti la sheria kwamba bidhaa iwe na ubora unaofaa linamfunga anayeuza katika shughuli za biashara yake, na haliwafungi wote kwa usawa, ilhali sharti la kitu kufanana na maelezo yake linamfunga kila anayeuza kwa maelezo. Ukiuza friji yako ya nyumbani na kusema tu "friji, miaka 4, inafanya kazi, njoo uione", hujaahidi kwamba itadumu. Ukisema haina tatizo lolote, umeongeza ahadi ambayo sheria haikukulazimisha uitoe. Nafuu hii, lakini, si ya yule ndugu anayetangaza simu tano kila wiki huku akisema ni zake binafsi, kwa sababu huyo ni mfanyabiashara aliyekosa kibao tu.

Liko dai moja ambalo kuchelewa hakulipunguzi nguvu hata kidogo, nalo ni la umiliki. Mnunuzi akikuambia baada ya miezi minne kwamba polisi wamechukua simu uliyomuuzia kwa sababu ni ya wizi, usitafute muda unaotosha wala picha za siku ya makabidhiano. Uliuza kitu ambacho hukuwa na haki ya kukiuza, hata kama hukujua. Omba hati ya polisi inayoonyesha kwamba simu imeshikiliwa, linganisha namba ya IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe, na ile uliyoihifadhi, mrudishie mnunuzi pesa zake, kisha umfuate aliyekuuzia wewe. Usipomjua aliyekuuzia hasara inabaki kwako, na huenda ukatakiwa kueleza uliipataje.

Siku kasoro ilipozaliwa

Kazi ya kutafuta siku hiyo inahitaji subira na fundi asiye wa upande wowote. Mimi na yule mama tulikubaliana kwa maandishi ya WhatsApp juu ya fundi wa tatu, ambaye hakuwa wangu wala wake, na kwamba ada yake ya shilingi 20,000 tungeigawana nusu kwa nusu, yeyote atakayeonekana na kosa. Kipengele cha mwisho ni muhimu, maana fundi anayelipwa na atakayeshinda hujikuta anatafuta mshindi.

Nilikwenda Malaba mwenyewe. Friji ilikuwa imesimama katika kibanda cha mabati, na ukiiwasha ilitoa sauti ya "ta" mara moja, ikanyamaza dakika kadhaa, ikatoa "ta" tena. Fundi alisema kabla hajafungua chochote kwamba kompresa inajaribu kuanza na kushindwa, na kwamba gesi haina shida. Aliichomoa plagi, akatuonyesha mguu mmoja uliokuwa mweusi kwa kuungua. Friji, mashine ya kusagia matunda na kikausha nywele cha saluni ya jirani vilikuwa vinakula umeme kutoka waya mmoja wa nyongeza. Kisha akafungua kifuniko kidogo ubavuni mwa kompresa na kutoa kiwashio chake, kidude kisichozidi kiganja cha mtoto, kikatoa harufu ya plastiki iliyoungua na kulia kama njuga alipokitikisa, dalili kwamba kilikuwa kimepasuka ndani.

Aliuliza pia friji ilisafirishwaje. Mama alijibu bila kuficha kwamba ililazwa kwa mgongo juu ya pikipiki ya magurudumu matatu kutoka Tororo, na kwamba iliwashwa mara ilipofika kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri. Friji ikilazwa, mafuta ya kompresa yanaweza kutiririka kuingia kwenye mabomba, na ndiyo maana inatakiwa isimame wima kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Hatukuweza kusema kwamba safari ile ndiyo iliyoiua, kwa kuwa ilifanya kazi wiki sita baada yake. Nilikumbuka, hata hivyo, kwamba sikumwambia asiilaze, nami nilikuwepo ilipopakiwa na nikashika upande mmoja.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza mnunuzi, kwa upole na kwa maandishi, ni haya ya kawaida: kitu kilifanya kazi mpaka lini, dalili ya kwanza ilikuwa nini, nani amekifungua, kilitumiwa wapi na kwa kazi gani, umeme wa mahali hapo ukoje. Jibu la "kilianza kusumbua siku ya pili lakini nilivumilia" lina uzito tofauti kabisa na jibu la "kilizimika juzi umeme uliporudi". La kwanza linaelekeza kwako, ingawa ni lazima umuulize kwa nini hakusema. La pili linaelekeza kwenye soketi yake. Matumizi nayo yana uzito. Chombo cha nyumbani kikipelekwa kufanya kazi ya kibanda tangu asubuhi hadi usiku kinachakaa kwa kasi ambayo hukuiahidi, isipokuwa kama alikuambia mapema kwamba anakitaka kwa biashara na wewe ukamwambia kitafaa.

Kwa simu mambo ni mafupi zaidi. Piga *#06# mbele ya mnunuzi siku ya kuuza na mpige picha namba ya IMEI pamoja. Siku ya dai, fanyeni hivyo tena, mjue kama simu ni ile ile. Mafundi wa Kampala wanaojua ubaya wa watu hupaka tone la rangi ya kucha juu ya skurubu, ili ikifunguliwa rangi ipasuke. Skurubu yenye rangi iliyopasuka haithibitishi kwamba mnunuzi amebadilisha betri, ila inamtaka aeleze nani ameifungua.

Kulijibu dai

Ukishajua, jibu kwa ujumbe mmoja ulioandikwa, si kwa simu ya kupigiana kelele, na kama mmeongea kwa simu mwandikie mara baada ya hapo ukieleza mlichozungumza. Ujumbe wa kukataa unatakiwa uwe na tarehe ya makabidhiano, jinsi kitu kilivyojaribiwa siku hiyo, siku ambayo mnunuzi alilalamika kwa mara ya kwanza, alichokikuta fundi, na uamuzi wako. Usitie dhihaka, usitaje dini wala kabila wala umaskini wa mtu, na usiandike sentensi ambayo ungeona aibu ikisomwa kwa sauti mbele ya wazee wa kijiji, kwa kuwa inaweza kusomwa.

Mfano wake ni huu: "Mama, tarehe 3 tuliiwasha friji mbele ya mwanao, ikagandisha barafu, mkaichukua. Malalamiko ya kwanza niliyapata tarehe 19 ya mwezi uliofuata. Fundi tuliyemchagua pamoja amekuta kiwashio kimeungua na plagi imeungua, na friji imekuwa kwenye waya mmoja na vyombo vingine viwili. Kwa hiyo siwezi kurudisha shilingi 650,000. Kwa kuwa tangazo langu lilisema haina tatizo lolote, na kwa ajili ya kumaliza jambo hili kwa heshima bila ya mimi kukiri kosa, niko tayari kuchangia kiwashio kipya."

Kiwashio na ufundi viligharimu shilingi 35,000, nikatoa 20,000. Wapo watakaosema nilikuwa mjinga kulipa nisichodaiwa, na rafiki yangu mmoja wa Busia aliniambia hivyo hivyo waziwazi. Mimi naona kwamba shilingi 20,000 ni nafuu kuliko nauli za kwenda na kurudi mahakamani, na tena sikuwa na uhakika kwamba maneno ya tangazo langu yasingenigeukia. Lakini mchango wa hiari usiutoe kabla mnunuzi hajakubali kwa maandishi kwamba unamaliza dai lote, maana mchango uliotolewa bila maneno hayo huonekana kama malipo ya awamu ya kwanza.

Kama ukweli umeangukia kwako, yaani kasoro ilikuwepo ulipouza, uliijua na hukuisema, usijifiche nyuma ya siku 47. Rudisha pesa, au punguza bei kwa kiasi ambacho matengenezo yanagharimu ikiwa mnunuzi anapendelea kubaki na chombo. Katika madai mengi ya vitu vilivyotumika punguzo hilo ndilo linalowafaa wote wawili, kwa sababu mnunuzi alikitaka kitu hicho tangu mwanzo na wewe huna mahali pa kukiweka tena.

Pesa zinaporudi

Kanuni ninayoishika bila kuilegeza ni kwamba kitu kinarudi kwanza, kinakaguliwa na kulinganishwa na picha za siku ya kuuza, kisha pesa zinatoka, na zote zinafanyika katika kikao kimoja mkiwa mnatazamana. Anayedai umtumie pesa kwanza kisha atatuma friji kwa basi la usiku anakuomba umwamini kuliko anavyokuamini wewe. Ikiwa umbali ni mkubwa, kwa mfano yuko Arua na wewe uko Mbale, mtafute mtu mnayemjua wote akipokee na kukijaribu kitu huko huko.

Pesa zirudi kwenye namba ile ile iliyolipa. Upo utapeli ambao mtu hununua kitu kwa pesa za laini isiyo yake, kisha anaomba arudishiwe kwenye namba nyingine, na mwenye laini ya kwanza akilalamika wewe ndiwe unayeonekana kwenye kumbukumbu. Mnunuzi akisisitiza kwamba laini ya zamani imepotea, aandike ujumbe akieleza hivyo na jina la mpokeaji lionekane kwenye skrini kabla hujaweka namba ya siri, lifanane na la kwenye kitambulisho chake. Kubalianeni mapema nani anabeba ada ya kutuma na nani anabeba ada ya kutoa pamoja na kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa mtu anapotoa pesa za simu, kwani nimeona watu waliomaliza ugomvi wa laki tano wakaanza mwingine wa elfu kumi.

Upande wa pili wa jambo hilo ni ujumbe bandia. Baadhi ya "wanunuzi" hutuma ujumbe unaofanana na wa kampuni ya simu kwamba wamekutumia pesa kupita kiasi, kisha wanadai uwarudishie ziada. Usiamini ujumbe, angalia salio lako kwa *165# kama uko MTN au *185# kama uko Airtel, na kama salio halikupanda hakuna cha kurudisha.

Mkishamaliza, andikeni karatasi fupi yenye majina, kitu, kiasi, tarehe na sentensi kwamba hakuna anayemdai mwenzake tena kuhusu kitu hicho. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akiweka sahihi na muhuri wake, karatasi hiyo inapata uzito ambao picha ya skrini haina.

Akiamua kwenda mbele

Wanunuzi wengi wa Uganda huanza na polisi, kwa kuwa polisi wako karibu na wito wao unatisha. Ukiitwa, nenda, nenda na kumbukumbu zako zilizochapishwa, na ueleze kwa utulivu kwamba hili ni suala la madai. Kosa la kujipatia pesa kwa udanganyifu linahitaji kwamba ulisema jambo la uongo kuhusu hali iliyopo au iliyopita ukijua kuwa ni uongo, na friji iliyofanya kazi wiki sita ni vigumu kuifanya ushahidi wa hilo. Usisaini ahadi ya kulipa ukiwa umeketi kwenye benchi la kituo kwa hofu ya kulala ndani, na kumbuka kwamba dhamana ya polisi ni bure.

Mahakama ya baraza la kijiji inaweza kusikiliza madai madogo ya namna hii, na kwa watu wanaoishi jirani ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu wazee wa pale wanajua umeme wa mtaa wao ukoje. Juu yake uko utaratibu wa madai madogo ulioanzishwa kwa kanuni za 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000, ambao hauruhusu mawakili kusimama na hivyo haubebi gharama yao. Kabla ya kufungua kesi hiyo mdai hukupelekea hati ya madai na kukupa siku 14 za kulipa au kujibu. Hati hiyo ukiipata usiiweke chini ya godoro. Ijibu kwa maandishi ndani ya siku hizo, ambatisha taarifa ya fundi, na ubaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Asiyejibu wala kufika anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, na hapo hoja zako zote nzuri kuhusu soketi iliyoungua zitakuwa zimebaki nyumbani.

Sisi tunaouziana kwa Kiswahili tuna kazi moja ya ziada. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha ya pili rasmi ya Uganda, lakini lugha ya mahakama imebaki Kiingereza, kwa hiyo mazungumzo yenu ya WhatsApp na zile sauti za alfajiri zitahitaji tafsiri. Tafuta mtu asiye jamaa yako azitafsiri, na hakikisha "pole" haijageuzwa kuwa kuomba radhi.

Mnunuzi akikubandika kwenye vikundi kwa jina la tapeli, andika jibu moja humo lenye tarehe, alichokikuta fundi na ulichokiahidi, kisha unyamaze. Usiweke picha ya kitambulisho chake, namba yake ya NIN (namba ya utambulisho wa taifa) wala mahali anapoishi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inalinda taarifa hizo hata za mtu anayekutukana. Kumbukumbu zote, pamoja na karatasi yenye muhuri, zitunze mpaka miaka 6 ipite. Zangu ziko katika bahasha moja ya kaki pamoja na kiwashio kilichoungua, ambacho fundi alitaka kukitupa nikamwomba anipe.